Kelele za kompyuta usiku: Sikiliza joto, si sikio

SAA sita za usiku, katika nyumba ya vyumba viwili, kompyuta haina adabu. Mtoto amelala ng'ambo ya ukuta, mpwa wangu anaandika insha ya chuo sebuleni, nazo feni zinavuma kama kinu cha kusaga unga.

"Hebu zima hilo dude, mtoto alale!" mke wangu akamaka usiku mmoja.

"Nisamehe, Aunti. Insha yenyewe inatakiwa asubuhi," kijana akajitetea.

Kompyuta hiyo ina kidhibiti cha feni, yaani kifaa chenye vitufe vya kuzungusha kama vya redio. Kijana akavirudisha vyote hadi mwisho. Nyumba ikatulia tuli. Kabla ya jogoo kuwika, kompyuta ikajizima yenyewe, na kurasa mbili ambazo hakuwa amezihifadhi zikapotea.

Kosa halikuwa la kidhibiti. Sikio liliachiwa kazi ya kipimajoto.

Feni nyingi za kasha la kompyuta hutumia umeme wa volti 12. Kidhibiti cha aina hii hupunguza volti zinazofikia feni ya pini tatu, nayo ikapunguza mwendo. Volti zikishuka mno, baadhi ya feni hukataa kabisa kuanza kuzunguka. Feni ya pini nne ni tofauti: hupata volti 12 wakati wote, na mwendo wake huongozwa na ishara ya umeme kutoka bodi kuu. Kwa hiyo, kabla ya kununua kidhibiti, hesabu pini. Pia, tazama mipangilio ya BIOS, kwani bodi nyingi za siku hizi zinaweza kuongoza feni zenyewe bila wewe kutoa hata shilingi.

Faida ya kupunguza mwendo ni kubwa. Ukiupunguza kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa takriban nusu, lakini kelele ya feni hushuka kwa kiasi cha desibeli 15. Hata kupunguza kidogo tu, sikio hupumzika.

Lakini kumbuka, msomaji, kwamba feni haitengenezi baridi. Huondoa hewa moto na kuingiza ya chumbani. Tuseme prosesa yako ikiwa kazini huzidi joto la chumba kwa nyuzi 45. Usiku wa Julai jijini Nairobi, chumba kikiwa na nyuzi 20, itafika 65. Ipeleke Mombasa mwezi wa Machi, chumba kikiwa na nyuzi 32, itafika 77 bila wewe kugusa kitu. Naye mkazi wa Nairobi asijivune sana: jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya pwani.

Prosesa nyingi za kisasa hupunguza kasi ya kazi zikikaribia nyuzi 95 au 100. Joto likizidi hapo, kompyuta hujizima ili isiungue.

Basi fanya hivi. Zima kompyuta, chomoa waya, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini huku ukishika mapanga ya feni yasizunguke. Washa, weka feni zote mwendo wa juu, na ufungue programu ya kuonyesha joto. Ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa. Punguza kitufe kidogo, ngoja dakika 15, usome joto tena. Likikaribia nyuzi 80, rudi nyuma hatua moja na utie alama ya kalamu hapo. Msimu wa joto ukifika, pima upya.

Feni ya prosesa yenyewe usiiguse. Iache kwenye bodi kuu, ambayo huongeza mwendo wake yenyewe kazi inapozidi.

Sisi tulipima Jumamosi iliyofuata. Alama zetu ziliangukia karibu katikati, na mvumo uliobaki hauvuki ukuta. Mtoto analala. Insha nayo iliandikwa upya, safari hii ikihifadhiwa kila baada ya dakika chache.