Mzee, Kizee, Jizee: Ucheshi wa Umri katika Sarufi ya Kiswahili

Wanaisimu wamezoea kueleza kwamba nomino inapohamishwa kutoka ngeli moja hadi nyingine huonyesha ukubwa au udogo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi pindi shina -zee linapochunguzwa. Mzee ni mtu wa heshima. Ndiyo maana Jomo Kenyatta aliitwa Mzee, na Ali Hassan Mwinyi akaitwa Mzee Rukhsa. Jizee, kwa upande mwingine, si lazima awe na mwili mkubwa, wala kizee si lazima awe mfupi. Kinachopimwa hapo ni hadhi, na anayepima ni msemaji.

Upatanisho wa kisarufi huongeza ladha. Mjukuu asemaye "kizee huyu amemaliza ubwabwa wangu" bado amemwacha babu yake miongoni mwa watu; asemapo "kizee hiki kimemaliza ubwabwa wangu" amekwisha kumhamishia kwenye viti na vijiko. Babu hakasiriki. Utani wa babu na wajukuu, ulioenea katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, humpa mjukuu ruhusa hiyo, na babu naye humwita mjukuu wa kike "mke wangu" na kumlalamikia kwamba chakula kimechelewa. Kwa njia hiyo mzee huweza kuyataja meno yaliyong'oka na magoti yanayolia bila kuomba huruma ya mtu.

Kauli hiyo hiyo ikitoka kwa karani dirishani ni tusi, kwa kuwa karani si mtani. Tofauti hii haimo katika kiambishi, nazo kamusi haziionyeshi. Ina uzito, hata hivyo. Mwanamuziki mkongwe husifiwa. Kikongwe husikitikiwa, au huogopwa. Magazeti ya Tanzania yaliandika kwa miaka mingi juu ya "mauaji ya vikongwe", yaani wanawake wazee waliouawa katika Kanda ya Ziwa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni. Kiambishi hakiui mtu. Lakini wanawake hao walikuwa na majina, na wengi walikuwa bibi wa watu, waliotaniwa nyumbani kwao kwa ki- hiyo hiyo.

Wapo pia wasiokubali kuingizwa uzeeni na wengine. Kijana amwamkiapo "shikamoo" mwanamke wa miaka 40 ndani ya daladala, huenda akajibiwa: "Usinizeeshe!" Zeeka huzaa zeesha kama anguka izaavyo angusha. Kuzeeka humpata mtu tu. Kuzeesha kuna mtendaji, na hapa mtendaji ni kijana wa watu aliyefunzwa adabu. Abiria hucheka, na mlalamikaji pia. Mara nyingi "marahaba" hufuata, ingawa kwa sauti ya chini.