Jibu Lililoandaliwa Kabla ya Sigara

Mtoto wa miaka 12 akiulizwa darasani kama anataka kuvuta sigara, mara nyingi atasema hapana, na atakuwa anasema kweli. Mtihani wake uko nje ya uzio wa shule, pale rafiki anapomnyooshea sigara iliyokwisha kuwashwa huku wenzake wakimtazama. Ana sekunde chache za kujibu, na haya ya kuonekana mshamba humsahaulisha upesi somo la mapafu.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza njia ya kuziba pengo hilo kati ya nia na tendo. Mtu haishii kusema "sitavuta". Huamua mapema kwamba likitokea jambo fulani, atafanya hivi. "Nikipewa sigara wakati wa mapumziko, nitasema sitaki, inanikata pumzi uwanjani." Kwa kuwa uamuzi umeshafanywa, tukio lenyewe huamsha jibu. Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walichambua majaribio 94 na kuona kuwa wenye mpango wa aina hii hutimiza malengo yao zaidi ya wenye nia tupu.

Huko Uingereza, Mark Conner wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake waliipeleka mbinu hiyo katika shule 48, kwa wanafunzi zaidi ya 6000 walioanza wakiwa na miaka 11 na 12. Kundi moja liliandika mpango wa kukataa sigara: wapi, lini, kwa maneno gani. Jingine lilipanga kazi za shule. Zoezi lilirudiwarudiwa kwa miaka minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliosema wamewahi kuvuta walikuwa wachache zaidi katika kundi la kwanza. Ni habari njema kwa shule yoyote isiyo na fedha, maana kinachohitajika ni karatasi, kalamu na mwalimu mwenye subira ya kulirudia zoezi.

Kwa aliyekwisha kuzoea, kazi ni nzito zaidi. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde chache, na mwili huidai. Mwanasaikolojia mwingine, Christopher Armitage, alibuni karatasi yenye safu mbili: vishawishi upande mmoja, majibu upande wa pili, na mvutaji huviunganisha kwa mstari. Kahawa ya asubuhi, ugomvi wa nyumbani, bia ya jioni. Kila kimoja na jibu lake. Mvutaji sugu bado atahitaji ushauri wa daktari, na pengine vibandiko vya nikotini.

Mpango huo uendane na mtaa. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2007 inakataza pakiti yenye sigara chini ya 10, lakini vibandani bado huuzwa moja moja. Anayetaka kuacha aandike kibanda anachokijua: "Nikimkaribia yule muuza sigara, nitavuka barabara na kununua karanga upande wa pili."