Jairoplani ya kujiundia: chagua mapanga kwanza, injini baadaye

Wengi wanaotamani kujiundia ndege ya mtu mmoja huanza kwa kutafuta injini ya bei nafuu. Katika makala yetu ya leo tunaeleza kwa nini waanze juu, kwenye mapanga, na kwa nini mapanga hayo si kazi ya kuchomelea gereji.

BUFFALO, New York

Ukitoka University District, eneo la kaskazini mashariki mwa jiji la Buffalo linalopakana na Kampasi ya Kusini ya chuo kikuu kwenye barabara ya Main, ukateremka kusini kwa gari, hutapita kilomita 20 kabla ya kufika Gardenville. Ni kitongoji cha kawaida kabisa. Si wengi kati ya Wakongo, Warundi na Wasomali waliohamia Buffalo wanaojua kwamba hapo palifanyika kazi iliyobadilisha usafiri wa anga.

Mwaka 1942 kampuni ya Bell ilimhamishia hapo mvumbuzi Arthur Young na kikosi kidogo cha mafundi, katika jengo lililowahi kutumika kwa biashara ya magari. Young alikuwa amejishughulisha kwa zaidi ya miaka 10 na vifano vidogo vya helikopta, akivunja kimoja na kuunda kingine. Huko Gardenville wakaunda helikopta ya majaribio, Model 30, na baada yake ikaja Bell 47. Tarehe 8 Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza kupewa hati ya matumizi ya kiraia nchini Marekani.

Mapanga yake yalikuwa mawili tu, yamefungwa kwenye kitovu kimoja kinachoyumba kama ubao wa pembea wanaouchezea watoto. Panga moja likipanda, jingine linashuka. Na hapo ndipo tunapoingia kwenye mada yetu, kwani mtindo huo wa pembea ndio unaotumiwa leo na karibu jairoplani zote ndogo za kujiundia.

Jairoplani, ambayo wengine huiita jairokopta, inafanana na helikopta kwa mbali. Tofauti ni kwamba injini yake haizungushi mapanga ya juu wakati wa kuruka. Injini inazungusha propela ya nyuma inayosukuma chombo mbele, na upepo unaopenya mapanga ya juu kutoka chini ndio unaoyafanya yazunguke na kubeba uzito. Kwa hiyo haiwezi kusimama angani kama helikopta. Lakini injini ikizimika, mapanga yanaendelea kuzunguka na rubani anashuka chombo kikiwa bado kinamtii.

Aliyefanikiwa kwanza ni Mhispania Juan de la Cierva, mwezi Januari 1923. Vyombo vyake vya awali vilipinduka, kwa sababu panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mwingi kuliko lile linalorudi nyuma, na upande mmoja hunyanyuka kuliko mwingine. Dawa aliyoipata ni bawaba: kila panga liachwe lipande na kushuka lenyewe. Pembea ya mapanga mawili inafanya kazi hiyohiyo kwa bolti moja tu.

Aliyeifikisha jairoplani kwa mtu wa kawaida ni Igor Bensen, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Kampuni yake ya Raleigh, North Carolina, iliuza michoro na vifaa vya jairoplani ya kiti kimoja iitwayo B-8M, iliyoanza kuruka mwaka 1957. Injini yake, McCulloch ya nguvu za farasi 72, iliundwa awali kwa ajili ya ndege zisizo na rubani ambazo wanajeshi walizifanyia mazoezi ya shabaha. Tangu hapo maelfu ya watu wamejaribu kujiundia chombo cha namna hiyo katika banda la nyuma ya nyumba.

Tani tatu kwenye bolti

Tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo inayoamua mambo. Tuchukue jairoplani yenye uzito wa kilo 250, pamoja na rubani na mafuta, na mapanga yenye kipenyo cha mita 7. Duara linalochorwa na mapanga hayo lina ukubwa wa mita za mraba 38 na nusu, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba kilo 6 na nusu. Ni mzigo mdogo, na ndiyo sababu chombo hiki kinatua mahali padogo.

Sasa tuyazungushe mara 350 kwa dakika, kasi ya kawaida kwa mapanga ya ukubwa huo. Ncha ya panga inakwenda kilomita 460 kwa saa. Kama panga moja lina uzito wa kilo 12, nguvu inayolivuta kutoka kwenye kitovu inakaribia tani 3. Ni kama kuning'iniza Land Cruiser pamoja na abiria wake kwenye bolti zinazoshika shina la panga, na Land Cruiser nyingine upande wa pili. Mvuto huo haupungui hata sekunde moja tangu kuruka hadi kutua, na juu yake kuna kupinda: kila mzunguko panga linapinda kidogo na kurudi, mara 21,000 kwa saa moja.

Feni ya dari tunaiita panga boi, tukaizoea, na pengine ndiyo maana mapanga ya ndege nayo huonekana kitu chepesi. Si kitu chepesi.

Nyumbani hesabu inabadilika zaidi. Mapanga ya jairoplani hujichagulia kasi yenyewe: mzigo ukizidi au hewa ikiwa nyepesi, yanazunguka haraka zaidi. Buffalo iko karibu na usawa wa bahari. Nairobi, Nyeri, Mbeya na Tunduma ziko kwenye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi, na mchana wa joto hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Mapanga yaleyale, na rubani yuleyule, yatazunguka haraka kwa kama asilimia 12, na mvuto kwenye bolti utaongezeka kwa zaidi ya robo. Injini nayo itapoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo anayejenga Nyeri anahitaji mapanga marefu kuliko mwenzake wa Buffalo au wa Mombasa mwenye uzito kama wake. Ushauri wa kipenyo uliotolewa kwa ajili ya tambarare za Ohio usinakiliwe tu na kupelekwa nyanda za juu.

Mbao, alumini au faibaglasi?

Mapanga ya mwanzo ya Bensen yalikuwa ya mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka. Yanapendeza na fundi seremala anaweza kuyaelewa, lakini mbao hunywa unyevu, na panga moja likinywa kuliko mwenzake mtikisiko unaanza. Kwa hewa ya Zanzibar au Tanga sisi tusingeyachagua.

Alumini ndiyo iliyoenea zaidi. Kuna mapanga yaliyopitishwa kwenye umbo kiwandani yakatoka mazima, na kuna yaliyokunjwa kwa bati la alumini kisha kuunganishwa kwa gundi maalumu au ribiti. Dragon Wings la Marekani na Averso la Romania ni majina yaliyosikika kwa miaka mingi miongoni mwa wajenzi. Alumini haifanani na chuma: hata mkazo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, hatimaye hufungua ufa. Ufa huanzia kwenye tundu la bolti au kwenye mkwaruzo usioonekana kwa urahisi.

Faibaglasi, mfano mapanga ya Skywheels, kwa kawaida ni nzito zaidi. Uzito huo una faida, kwani panga zito likishazunguka halipotezi kasi upesi, na rubani anapotua anakuwa na akiba. Hasara yake ni kwamba ni kazi kuliamsha kwa mkono, hivyo unahitaji mtambo mdogo wa kulizungusha kabla ya kuruka, na mtambo huo una uzito na bei yake.

Kwa vyovyote vile mapanga hununuliwa kama pacha, pamoja na kitovu chake. Mapanga yanapobeba mzigo hukunjuka juu kidogo, mfano wa V iliyopanuka sana, na uzito wake nao unapanda. Ndiyo sababu kitovu huning'inizwa sentimita chache chini ya bolti ya pembea, ili uzito huo uwe sawasawa na mahali pa kuyumbia. Panga zito hukunjuka kidogo, jepesi hukunjuka zaidi. Ukichukua kitovu cha huyu na mapanga ya yule, fimbo ya rubani itatikisika mikononi mara mbili kwa kila mzunguko, na hakuna kufunga vizito vya kusawazisha kutakakoiponya.

Mafundi wetu

Afrika Mashariki haina upungufu wa watu wenye ari. Adam Kinyekile, fundi wa kuchomelea wa Tunduma mkoani Songwe, alijipatia jina kwa helikopta aliyoiunda karakanani kwake. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, alivuta umati kwa ndege ya mabawa aliyojitengenezea. Tunawaheshimu, na kicheko cha watu wanaotazama video zao hakitupendezi.

Lakini kuna habari ya India ambayo kila mmoja wao anapaswa kuijua. Mwezi Agosti 2021, katika jimbo la Maharashtra, fundi wa kuchomelea mwenye umri wa miaka 24, Shaikh Ismail, alikuwa akiijaribu helikopta aliyojiundia ikiwa bado ardhini. Panga la mkiani lilikatika na kugonga mapanga ya juu, nayo yakampiga. Alifariki. Hakuwa ameruka hata mita moja.

Fremu ya jairoplani fundi hodari anaweza kuitengeneza: mabomba ya alumini, bolti zenye cheti cha ndege, magurudumu, kiti. Bolti za duka la vifaa vya ujenzi hazina nafasi hapo, wala chuma chakavu ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Mapanga, kitovu na kichwa chenye beringi vinunuliwe kwa mtengenezaji anayejulikana. Hapo sisi hatuoni mjadala.

Sehemu nyingine ambayo wengi huipuuza ni mkia. Injini ikifungwa juu sana, msukumo wa propela unapita juu ya uzito wa chombo. Mapanga yakipoteza mzigo kwa ghafla, kwa mfano rubani akisukuma fimbo mbele kwa pupa, chombo hupinduka kifudifudi kabla hajaweza kufanya lolote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Uingereza, ulipendekeza msukumo usipite mbali zaidi ya inchi 2, yaani kama sentimita 5, juu au chini ya kitovu cha uzito. Bawa pana la mlalo mkiani nalo husaidia. Mchoro wowote wa zamani usio na bawa hilo tungeuacha kwenye kabati.

Kuhusu injini hatuna mengi. Rotax 503 ya nguvu za farasi 50 hivi ilipendwa sana, lakini haitengenezwi tena, kwa hiyo anayeipata ajiulize vipuri atavitoa wapi.

Sheria haisafiri

Nchini Marekani, chombo cha mtu mmoja chenye uzito usiofikia paundi 254, yaani kilo 115 bila rubani wala mafuta, kikibeba mafuta yasiyozidi galoni 5 na kikienda kasi isiyozidi noti 55, hakihitaji usajili wala leseni ya rubani. Kanuni hiyo, Part 103, ilianza mwaka 1982. Panga zito la faibaglasi linaweza kukutoa nje ya kilo 115, na hapo chombo kinaingia kwenye kundi la ndege za majaribio zinazosajiliwa na kukaguliwa. Kanuni inakataza pia kuruka juu ya maeneo yenye makazi ya watu wengi. Wanaoishi University District ya Buffalo, au mitaa inayozunguka vyuo vikuu vya Columbus na Louisville, wanaweza kujenga kwenye gereji zao, lakini kuruka ni hadi wakifunge kwenye trela na kukipeleka mashambani.

Part 103 inaishia mipakani mwa Marekani. Tanzania, Kenya na Uganda zina mamlaka zao za usafiri wa anga, na barua kwao ndiyo iandikwe kabla ya kununua chochote. Mafunzo nayo yatangulie, kwa sababu hatari ya kwanza ya mapanga inamkuta mwanafunzi akiwa bado ardhini: akikimbia upesi wakati mapanga yanazunguka polepole, panga linapigwa na upepo, linapanda kupita kiasi na mwenzake linashuka kukata mkia.

Kwa walio ughaibuni wanaotaka kumsaidia ndugu aliye nyumbani, mapanga yaliyotumika huonekana zawadi nzuri. Uliza yameruka saa ngapi, na kama yamewahi kugusa ardhi au mkia. Kama muuzaji hana daftari la saa, yaache hata akipunguza bei nusu. Yakiwa na daftari, yasafirishwe kwenye sanduku la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 3, yakilala sawa kwa urefu wake wote bila kitu kizito juu yake, na daftari liwekwe humohumo ndani ya sanduku.