Matairi ya theluji kwenye matope ya Lushoto: yanalipa au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Nilikuwa kimya kidogo, mihangaiko ya maisha, sasa nimerudi na mada ya matairi. Najua wengine mtasema "sisi hata baiskeli hatuna, matairi yanatuhusu nini?" Subirini kwanza. Kama umeshawahi kupanda Noah yenye watu kumi na moja na gunia la karoti miguuni, halafu mvua ikaanza, basi mada hii ni yako.

Nianze na kisa. Mjomba wangu ni dereva wa Noah hapa Lushoto. Gari sio lake, ni la tajiri, yeye anapeleka hesabu kila jioni. Anabeba abiria na mboga kutoka vijiji vya juu kuleta mjini, na mzigo mwingine unatakiwa uwahi Fuso la kwenda Dar. Mimi nikiwa sina kazi huwa namsaidia ukonda. Mwaka jana kabla ya masika tajiri alinunua matairi manne ya mtumba kutoka Japani. Muuzaji alikuwa na maneno matamu: "Haya ni ya theluji. Kama yanakamata barafu, matope yatayashinda wapi?"

Kusema kweli hata mimi nilikubali. Meno yalikuwa mengi, raba laini ukiibonyeza kwa kidole gumba. Wiki za mwanzo, jua likiwaka, mjomba akawa anasifia gari limetulia. Mvua ilipoanza, siku moja tunashuka na magunia ya kabichi, kwenye kona baada ya udongo kulowa, mjomba akagusa breki kidogo tu. Gari halikusimama. Usukani kakata, gari limenyooka. Mungu mkubwa, tukaangukia mtaro wa upande wa mlima. Upande wa pili lilikuwa bonde, na wote mnaojua barabara zetu mnajua bonde la huku maana yake nini. Hakuna aliyeumia, lakini tulilala pale, Fuso likaondoka, kabichi zikabaki na mwenyewe.

Toka siku ile nimekuwa nikisoma habari za matairi kila nikipata nusu saa ya kompyuta. Mimi sio injinia, nimeishia kidato cha nne, lakini mambo yenyewe sio magumu. Twende pole pole.

TAIRI LA THELUJI NI NINI?

Kwanza ni raba. Raba ya tairi la kawaida ikipata baridi kali inakuwa ngumu kama plastiki, haishiki barabara. Wataalamu wengi wanaweka mpaka kwenye nyuzi joto 7. Tairi la theluji limetengenezwa kwa raba inayobaki laini hata chini ya hapo. Pili ni mikato midogo midogo kama ya wembe juu ya kila jino. Theluji inaingia kwenye ile mikato, na theluji hushikana na theluji mwenzake, ndio gari linapata kushika.

Zamani Wajapani walikuwa wanatumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ikawa inachimba lami na kujaza vumbi mijini, hivyo mwaka 1990 wakapitisha sheria ya kuyazuia. Ndipo matairi ya theluji yasiyo na misumari yakashika soko, kama Blizzak ya Bridgestone iliyoanza mwaka 1988. Mengine ndiyo hayo yanayotufikia sisi kwa mtumba, au yanakuja yakiwa tayari kwenye miguu ya magari yaliyotumika.

Kulitambua angalia ubavuni. Ukiona picha ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji katikati, hilo limepimwa kwenye theluji. Alama hiyo ilianza mwaka 1999. Ukiona M+S tu, maana yake matope na theluji, lakini usidanganyike: herufi hizo kiwanda kinajiandikia chenyewe bila mtihani wowote.

KWA NINI YANATUANGUSHA HUKU?

Sababu ya kwanza, matope sio theluji. Udongo wetu mwekundu ukilowa unanata kama unga wa chapati. Unaingia kwenye ile mikato ya wembe na hautoki. Tairi likizunguka mara chache linakuwa limepakwa udongo pande zote, laini kama kipande cha sabuni, halafu unategemea lishike udongo mwingine! Tairi la matope lenyewe lina meno makubwa yaliyoachana, na yale mapengo ndio siri yake: likizunguka linayatupa matope nje na kuuma upya.

Sababu ya pili ni joto. Lushoto mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na baridi ya mwezi wa saba tunaijua, lakini theluji hamna. Na masika, Machi mpaka Mei, hayafiki hata karibu na nyuzi 7. Halafu gari la kazi halikai juu tu. Linashuka kama kilomita 33 za kona kupitia Soni mpaka Mombo, kama mita 400 hivi, kwenye joto la kweli kweli. Raba ile laini kwenye lami ya moto inalika haraka kama kifutio, na breki zake zinachukua umbali mrefu zaidi kuliko za tairi la kawaida. Ukiwa umejaza gari na unashuka mlima, huo umbali wa ziada unautoa wapi?

Sababu ya tatu ndiyo iliyonikera zaidi. Matairi haya ya Japani yana alama ndani ya mifereji inayoonyesha kashata, yale meno, yamelika nusu. Yakifika hapo hayafai tena kwa theluji, mwenyewe anayavua. Kwa hiyo unaweza kuuziwa tairi ambalo kwao limeshastaafu. Wewe unaona "meno bado yapo", kumbe kazi yake ya theluji limemaliza na ya matope halikuwahi kuijua.

JE, HAYANA MAANA POPOTE?

Hapana, tusionee. Ndugu zetu wanaoendesha teksi na malori Ulaya hawana ujanja. Sweden yanatakiwa kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 31 Machi kukiwa na hali ya barafu au theluji. Ujerumani tangu 2010 sheria inayataka barabara ikiwa na hali hiyo. Kwa mtu wa kazi kule ni mkate wake. Kila tairi na nchi yake, ndio hoja yangu.

SASA DEREVA WA HUKU AFANYE NINI?

1. Pima kashata. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, pima kwenye rula ya shule. Tairi jipya la gari dogo huwa na kama milimita 8. Ulaya chini ya 1.6 ni kosa, lakini kwenye maji uwezo unapungua sana hata kabla ya hapo. Mimi nasema likifika 3 na masika yanakuja, lisipande mlima.

2. Soma umri. Ubavuni tafuta neno DOT, angalia tarakimu nne za mwisho. 3412 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2012. Raba inazeeka hata ikikaa stoo. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa babu.

3. Angalia uzito. Tairi la Noah mara nyingi lina namba 91, yaani kilo 615 kwa tairi moja. Matairi ya magari ya mizigo yana herufi C, na yenye namba 106 yanabeba kilo 950. Ukizidisha abiria na magunia, tairi linachemka kabla hujafika Mombo. Kabla ya kununua hakikisha saizi inakubali gari lako.

4. Chagua kulingana na njia. Wa lami muda mwingi, tairi la kawaida lenye kashata nzuri linatosha. Wa pikapu na Land Rover zinazokesha kwenye udongo, chukua ya matope, ukubali kelele kwenye lami. Cheni za matope zikae ndani ya gari. Unafunga kwenye utelezi, unafungua ukifika lami. Bodaboda, msisahau tairi la mbele, hilo likiteleza hamna cha kujishikia.

5. Kama pesa inatosha mawili tu, mazuri yafunge nyuma. Nyuma ikiteleza gari linageuka lenyewe. Na upepo ujaze kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, sio kwa kupiga teke.

HESABU YA DAFTARI

Hizi namba ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme tairi la mtumba ni shilingi 60,000 na linakaa miezi 6. Jipya ni 180,000 na linakaa miezi 18. Ukigawanya, yote ni 10,000 kwa mwezi! Umaskini wetu ni kwamba hatuna 180,000 kwa mpigo, basi tunalipa kile kile kidogo kidogo na hatari tunapewa kama nyongeza. Sasa ongeza siku moja ya mtaroni: hesabu ya siku imepotea, gari la kuvuta linataka chake, mwenye kabichi anakudai. Tayari mtumba ndio ghali.

Lakini wadau, tatizo kubwa naliona hapa: anayenunua tairi sio anayelala mtaroni. Tajiri ananunua, dereva anaendesha, abiria ndio anahatarisha roho. Dereva akilalamika anaambiwa wapo kumi wanaitaka hiyo Noah. Ndiyo maana nimeandika haya kwa ajili yetu sisi abiria pia. Kabla hujapanda, zunguka gari, angalia miguu yake. Ukiona kipara, sema. Wakisema watano, dereva anapata cha kumwambia tajiri.

Mjomba nilimwandikia ile hesabu kwenye karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati akaenda nayo kwa tajiri. Alirudi na matairi mawili mapya, sio manne. Akaniambia, "Mpwa wangu, nusu shari." Tumeyafunga nyuma. Ya mbele bado ni yale yale ya theluji, na masika yakikaribia huwa naitazama ile picha ya mlima na kusema kimoyomoyo: mlima huo sio huu wetu.

Madereva wa Lushoto, Bumbuli, Mlalo na kwingineko, nyie mnafunga matairi gani wakati wa mvua? Leteni uzoefu. Naomba kutoa hoja.