Ndoo Inayozuia Mkono

Leo tunazungumzia ubunifu, lakini si wa simu wala wa kompyuta. Tunazungumzia ndoo ya maji.

Swali letu ni hili: kama maji yanatoka kisimani yakiwa safi, kwa nini mtoto anayeyanywa nyumbani anaharisha?

Mwaka 1993 jambo hilo lilichunguzwa nchini Malawi. Wakati ule Malawi ilikuwa imepokea watu zaidi ya milioni moja waliokimbia vita Msumbiji. Watafiti walipima maji katika kambi moja. Kwenye visima hawakukuta vijidudu, au walikuta vichache sana. Lakini maji yaleyale yakishatekwa, yalichafuka haraka. Chanzo kikubwa kilikuwa mikono. Mtu anasuuza ndoo kwa kiganja, anachota kwa kikombe, vidole vinagusa maji. Mkono unaweza kuonekana safi, kumbe umebeba vijidudu vya chooni.

Basi kilichobadilishwa ni chombo chenyewe. Baadhi ya familia zilipewa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na mdomo mwembamba wa kumiminia. Mkono hauingii, ukitaka maji, unainamisha ndoo na kumimina. Familia nyingine ziliendelea na ndoo zao za kawaida. Zilipolinganishwa, maji ya wenye ndoo mpya yalikuwa na vijidudu vichache zaidi, na kuharisha kwa watoto wao wa chini ya miaka 5 kulikuwa pungufu kwa asilimia 31.

Huo ndio ubunifu. Chombo kilichofikiriwa vizuri kinakulinda hata siku umechoka, hata siku sabuni imeisha.

Sasa tazama jerikeni lako, au bidoni kama wengine wetu tunavyosema. Wajerumani walilibuni kabla ya Vita Kuu ya Pili, likiwa la chuma, la lita 20, kwa ajili ya petroli. Leo letu ni la plastiki, na mdomo wake mdogo unazuia mkono. Ila lina kasoro: mkono usipoingia, ndani hapasuguliki, na utelezi unajishika.

Fanya hivi. Tia kokoto ndogo zilizooshwa, maji kidogo na sabuni. Funga, tikisa kwa nguvu, mwaga, kisha suuza kwa maji safi. Mfuniko ukipotea, tafuta mwingine. Usizibe kwa gunzi wala kiazi. Kama kwenu mnatumia ndoo ya wazi, ifunike, na uchote kwa kata yenye mpini mrefu, isiyofanya kazi nyingine.

Na wewe fundi unayeziba ndoo zilizopasuka pale sokoni: ukiweza kufunga kibomba kidogo chini ya ndoo yenye mfuniko, kisivuje, umewakinga watoto wa nyumba nzima. Anza na ndoo moja, ya kwako.