MITUNGI MIWILI MGONGONI: ANGALIA USINUNUE NANGA!

UKIMWAMBIA mtu wa mjini kwamba unataka kuzamia, haraka haraka atafikiria mambo mawili. Ama unakwenda kula pilau kwenye harusi usiyoalikwa, ama unataka kujificha ndani ya meli ukaibukie Ulaya. Leo siko huko. Nazungumzia kuzamia kwenyewe, mtungi wa hewa mgongoni, chini kabisa kwa samaki.

Mshikaji wangu mmoja anafanya kazi kwenye boti ya kupeleka watalii kuzamia kule Nungwi, Unguja. Siku moja mtalii aliyekuwa anarudi kwao akataka kumwachia mitungi yake miwili ya chuma, imefungwa pamoja, inang'aa, bei ya kutupa. Jamaa akachanganyikiwa. Si unajua tena, kwenye boti mwenye mitungi miwili ndiye anaonekana mtaalamu, wa mtungi mmoja mnaonekana wanafunzi tu.

Bahati nzuri kabla ya kutoa pesa alikwenda kumwonyesha fundi anayejaza hewa, mtu mzima wa pale pale.

"Shikamoo mzee. Hebu nitazamie mzigo huu."

Mzee akaitikia, akaizunguka ile mitungi, kisha akauliza swali moja tu. "Mwanangu, ukishuka chini unavaa nini?"

"Kisuti cha mpira mzee, kile chepesi."

Mzee akacheka. "Basi hapo hununui mitungi. Unanunua nanga."

UZITO WA HEWA

Wengi tunadhani hewa haina uzito. Inao, bwana! Mtungi wa alumini uliozoeleka una ujazo wa lita 11 na hujazwa mpaka kama bar 200. Zidisha mwenyewe, ni lita 2,200 za hewa, ambazo ni zaidi ya kilo mbili na nusu. Mitungi miwili ni kilo 5. Unavyoendelea kuvuta, zile kilo zinakutoka na wewe unazidi kuwa mwepesi.

Sasa tofauti iko hapa. Mtungi wa alumini ukiisha hewa unataka kuelea, unakuvuta juu kwa nguvu ya kama kilo 2. Mtungi wa chuma, aina nyingi, hata ukiwa mtupu bado unazama.

Kwa Mwingereza hiyo ni raha tupu. Maji ya kwao ni baridi, anavaa suti nene isiyoingiza maji, na suti hiyo inaelea vibaya sana. Inabidi ajifunge risasi kibao ndipo ashuke. Akitumia mitungi ya chuma, uzito wake unachukua nafasi ya sehemu ya hizo risasi. Na mfuko wa hewa wa mgongoni ukimpasukia, anajaza hewa ndani ya suti anapanda.

Huku kwetu maji ni ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 29. Suti ni ya milimita 3, haielei sana, na ukienda chini maji yanaikandamiza inazidi kuwa bure. Halafu umebeba mitungi miwili ya chuma iliyojaa, na mfuko wa hewa upasuke ukiwa mita 30. Utapiga miguu mpaka uchoke na juu hufiki. Risasi unaweza kuifungua ukaitupa. Mtungi utautupaje, na ndio unaokupa pumzi?

Kwa hiyo kwa maji yetu na suti nyepesi, kimbilia alumini. Utaongeza risasi kidogo kiunoni, lakini risasi hiyo siku ya balaa unaachana nayo.

KOKI YA KATIKATI

Mitungi miwili mara nyingi huunganishwa kwa bomba fupi juu, lenye koki katikati. Kila mtungi una koki yake na mpira wake wa kuvutia hewa. Upande mmoja ukianza kuvuja unafunga, unaendelea kuvuta upande wa pili na hewa ya mitungi yote bado unayo. Bomba lenyewe likivuja unafunga ile ya katikati, angalau nusu inabaki.

Lakini jiulize, mkono wako unafika nyuma ya kichwa? Kama koki huzifikii, hiyo mitungi ni urembo. Jaribu dukani, usisubiri kujaribu baharini.

Halafu kuna mtego. Koki ya katikati ikisahauliwa imefungwa, geji inasoma mtungi mmoja na wewe unavuta mwingine. Geji imesimama palepale 200, wewe unafurahi, kumbe unakokota hewa ya mwisho. Geji isiyoshuka ni ya kuogopa kuliko inayoshuka.

MTUMBA

Ukinunua mitumba, soma tarehe zilizogongwa shingoni. Marekani, kwa mfano, mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na ndani hukaguliwa kila mwaka. Alumini ya zamani ya aloi namba 6351, ya miaka ya 1970 na 1980, iligundulika kupata nyufa shingoni. Achana nayo. Na mitungi iwe pacha kweli, ujazo mmoja na aina moja.

KWANI UNAIHITAJI?

Hapa ndipo vijana tunapojidanganya. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 30 anavuta 80. Mtungi mmoja unamalizika dakika 27. Sasa, kwa kina hicho, mzamiaji wa kawaida anatakiwa aanze kupanda baada ya kama dakika 20, la sivyo naitrojeni mwilini itageuka mapovu, ikuvunje viungo au ikupoozeshe. Mtungi mmoja unakufukuza mapema. Miwili inakubembeleza ubaki. Bila mafunzo, umebeba hewa ya kutosha kujiumiza.

Mitungi miwili ilipata heshima mapangoni, kule Florida. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu, aliandika mwaka 1979 kitabu cha usalama wa mapangoni. Kanuni yake maarufu ni ya theluthi: moja ya kwendea, moja ya kurudia, moja ya balaa. Na yeye mwenyewe, pamoja na ujuzi wote huo, maji yalimchukua Mexico mwaka 1994.

Mshikaji wangu hakununua. Watu wa boti walimcheka wiki nzima, eti kaogopa. Anaendelea kushuka na mtungi wake mmoja, anapanda, anakula chapati zake, anarudi nyumbani kwa mama yake. Mimi kwangu huyo ndiye mtaalamu.

Haya, tukutane wiki ijayo!