Tulipiga pedali Arabuko-Sokoke, na hakuna matatu iliyotupigia honi

Kama umewahi kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, sina haja ya kukueleza. Matatu inakupita karibu hadi unahisi joto la injini kwenye goti. Lori likija nyuma una mawili ya kuchagua: ubaki kwenye lami ukimwomba Mungu, ama ujitupe kando kwenye mchanga na chupa zilizovunjika.

Mimi nilijitupa. Ilikuwa mwaka jana pande za Kikambala, saa kumi na moja jioni. Lori lenyewe halikunigusa, na nadhani dereva hadi leo hajui kuna mtu alianguka. Nilivunjika mfupa wa bega, nikakaa wiki sita nyumbani mkono umening'inia shingoni. Mamangu aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya jikoni, na ufunguo akawa anaenda nao kazini kila siku. Hakusema nisiendeshe tena. Alibeba ufunguo tu.

Kwa hivyo niliposikia kuna mahali mtu anaweza kupiga pedali siku nzima bila kuona gari, yeye ndiye nilimwambia kwanza.

Mahali penyewe ni msitu wa Arabuko-Sokoke, ule unaouona upande wa kushoto ukitoka Kilifi kwenda Malindi. Wengi wetu huupita dirishani tukiwa tumesinzia. Una ukubwa wa kama kilomita 420 mraba, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa zaidi uliobaki Afrika Mashariki. Ndani kuna njia za changarawe, udongo na mchanga ambazo magari ya askari wa msitu huzitumia mara moja moja. Siku niliyoenda hatukukutana na hata moja.

Kufika huko ni shughuli. Gede iko kama kilomita 100 kutoka Mombasa, na kondakta alinitoza nauli ya baiskeli kana kwamba ni abiria mzima. Nililipa. Afadhali hiyo kuliko kurudi kwenye ile lami.

Unaingilia kituo cha misitu cha Gede, unalipa kiingilio na unachukua kiongozi. Wasee, hapa kwa kiongozi msijifanye mnajua. Njia zinafanana, mtandao wa simu unapotea, halafu kuna ndovu. Ndovu wa kweli, si wa picha kwenye ubao wa langoni.

Kiongozi wangu alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa hapo hapo Gede. Alikuja na Black Mamba nyeusi isiyo na giya, kiti kimefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mimi nilikuwa na giya 21 na kofia mpya. Aliiangalia baiskeli yangu, akafinya tairi kwa kidole gumba.

"Punguza upepo," akasema.

Nilikataa kwanza, nikidhani tairi ngumu ndiyo inayokimbia. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimelala chini, gurudumu la mbele limezama kwenye mchanga mweupe. Nilipunguza upepo. Tairi ikilegea kidogo inakanyaga mchanga badala ya kuukata, na ukiweka uzito nyuma, ukashika usukani bila kuubana, baiskeli inaelea kiasi. Kiasi tu. Kuna vipande tulishuka sote wawili tukasukuma, na hapo giya zangu 21 hazikusaidia kitu.

Ule mchanga mweupe ndio makao ya mirihi, miti mirefu yenye matawi yaliyotanuka, mwanga unapita katikati hadi chini. Upande wa mashariki msitu ni mchanganyiko, kuna mbambakofi na miti mingine ya kila aina, kijivuli kizito. Ukiendelea magharibi udongo unageuka mwekundu, unashikana, na vichaka vinabana hadi matawi yanakukwaruza mikono. Kwa mwendesha baiskeli huo udongo mwekundu ni zawadi. Tulipoufikia sikuamini kasi niliyopata. Nilipiga nduru kama mtoto, kiongozi akanigeukia na kuniwekea kidole mdomoni.

Kulikuwa na kinyesi cha ndovu katikati ya njia. Alikishika kwa nyuma ya mkono. Kilikuwa bado na joto. Tulisimama kimya labda dakika tano, yeye akisikiliza, mimi nikisikia moyo wangu peke yake. Halafu tukageuza, tukazunguka kwa njia nyingine.

Kwa huo ukimya ndipo nilimwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na makalio ya rangi ya dhahabu. Sange wa aina hiyo anaishi kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya, na wengi wako hapa. Alivuka mbio akapotea kwenye majani makavu. Kuna pia bundi wa Sokoke, kadogo ka kutoshea kiganjani, lakini huyo hatukumpata.

Huyu jamaa anawajua ndege kwa sauti. Alimaliza kidato cha nne, pesa ya kuendelea ikakosekana, akaanza kuwafuata viongozi wakubwa msituni na kitabu cha kuazima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kila mtu nyumbani huniuliza nitarudi lini. Yeye hakuuliza. Aliniuliza kama najua wengine wenye baiskeli ambao wanaweza kuja.

Hilo swali lilinikaa. Aliniambia kuna wiki hapati mgeni hata mmoja, na vijana aliosoma nao wanajua mti mmoja wa mbambakofi ukiangushwa usiku unalipa kuliko kuongoza wageni mwezi mzima. Wengine wameshikwa. Wengine bado wanaendelea. Yeye hakuwatukana. Alisema tu kwamba njaa haingoji msimu wa watalii.

Tulipokaribia Nyari, kilima ambako unatazama msitu wote chini hadi Mida na bahari yenyewe, tulikutana na mzee anasukuma baiskeli iliyobeba kuni zilizokauka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza natafuta nini huku. Nikamwambia naendesha baiskeli tu.

"Umelipa?"

"Ndio, mzee."

Alicheka hadi akaegemeza baiskeli kwenye mti. Amesukuma baiskeli kwenye hizi njia tangu ujana wake, na hajawahi kusikia mtu analipa ili achoke.

Huu mchezo, lakini, umekua Kenya. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, na timu ya Team Amani imepeleka waendeshaji wetu kwenye mashindano ya changarawe nje. Nahodha wao Sule Kangangi alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Namtaja kwa sababu changarawe nayo si godoro. Vaa helmeti hata kama hakuna gari.

Walio Nairobi wana Karura, na baiskeli za kukodi zipo huko huko. Ni poa, sibishi. Ila Karura hutarudi na mchanga wa bahari na vumbi jekundu kwenye mnyororo mmoja.

Maana mchana tulitoka msituni, tukavuka lami (sekunde chache, nilihesabu magari saba) tukaingia vijia vya minazi vya kwenda Mida. Huko kuna daraja la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko, na kiingilio chake husaidia karo za watoto wa jamii zinazouzunguka msitu. Kama una nguvu, magofu ya Gede yako karibu. Yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2024, na hapo ndipo ulipo mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 hununua mabundo (pupa) ya vipepeo kutoka kwa wakulima na kuyauza nje. Mimi sikuwa na nguvu. Nilikunywa madafu mawili nikalala chini ya mnazi.

Ukienda, anza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua kukaza. Beba maji lita tatu, tyubu ya akiba na pampu, kwa sababu miiba iko na fundi hayuko. Tairi nyembamba ziache nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha piga simu kwanza, kwani udongo mwekundu ukilowa hugeuka utelezi.

Jioni nilirudi stendi ya Gede nikangoja matatu. Kiongozi aliniuliza kwa nini nisiendeshe angalau hadi Kilifi, jua bado liko. Nikamwonyesha bega.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku. Mama aliiangalia baiskeli, akapitisha kidole kwenye vumbi jekundu la fremu, akauliza kama huko hakuna malori kweli. Nikamwambia kuna ndovu.

Ufunguo uko mezani tangu siku hiyo.